Dinari ya Tiberius kwa dola 480: nitajuaje kama inastahili kabla sijalipa?

Mgeni_wa_Sarafu

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekuwa nikisoma mada za humu kimyakimya, leo imenibidi nijitokeze. Kuna sarafu ya Kirumi nimeiona mtandaoni, moyo umeshaipenda lakini mkono unasita. Ni ya fedha. Upande mmoja kuna kichwa cha mwanamume aliyevaa taji la majani, anatazama kulia, na maandishi TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Upande wa pili mwanamke ameketi kitini, mkono mmoja kashika fimbo ya enzi, mwingine tawi, na maneno PONTIF MAXIM, ila herufi mbili za mwanzo zimekatika ukingoni. Muuzaji anasema ni dinari ya Kaisari Tiberius, ile "sarafu ya kodi" ya kwenye Injili, gramu 3.31, kipenyo milimita 18, "adimu mno, ya hadhi ya makumbusho". Anataka dola 480, nauli ni juu yangu.

Sura haijachakaa sana, nywele bado zinaonekana uzi kwa uzi. Shavuni kuna kovu dogo, nadhani mtu alipitisha ncha ya kisu zamani. Picha ni mbili tu, mbele na nyuma. Kuhusu ilikotoka ameandika "mkusanyo wa zamani wa Ulaya", na itakuja na cheti cha uhalisi kilichotiwa saini na yeye mwenyewe.

Sina mpango wa kuiuza kesho. Nataka tu nisiuziwe mbuzi kwenye gunia. Mnapimaje kitu kama hiki mkiwa mbali nacho?

Chapuchapu

Nunua mkuu. Miaka elfu mbili halafu fedha tupu! Hata ikikuchosha unaiyeyusha, hupotezi kitu.

Bi_Sarafu

Chapuchapu, kaa kidogo. Gramu 3.31 za fedha ukimpelekea sonara atakupa dola chache tu. Zilizobaki katika hizo 480 mtu analipia kitu kingine kabisa, na hicho ndicho anachouliza mwenzetu. Na miaka haina bei. Visarafu vya shaba vya wakati wa Kaisari Constantine na wanawe, vile vyenye askari wawili na maneno GLORIA EXERCITVS, vina karibu miaka 1,700 na huuzwa kwa mafungu, udongo ukiwa bado umevishika.

Mgeni, karibu. Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaoandika "nina hela ya kale, bei gani?" na picha yenye ukungu.

Jina la sarafu umeshalipata. Maandishi uliyoyanakili ni ya dinari ya Tiberius, aliyetawala kuanzia mwaka 14 hadi 37, na kwa kawaida huhesabiwa kuwa ilipigwa Lugdunum, yaani Lyon ya leo kule Ufaransa. Mwanamke aliyeketi wengi humtaja kuwa Livia, mama yake. Ingia OCRE, hifadhidata ya bure ya American Numismatic Society, tafuta Tiberius na denarius, utaiona pamoja na ndugu zake: RIC 26, 28, 30 (RIC ni Roman Imperial Coinage, katalogi ya sarafu za Kirumi). Wanatofautiana kwa miguu ya kiti na mistari iliyo chini yake. Kwa upande wa bei usijisumbue sana na tofauti hizo.

Sasa hilo neno "adimu". Muuzaji huyo ama hajui, ama anajua sana. Tiberius aliing'ang'ania picha hii karibu utawala wake wote, ndiyo maana zilizobaki ni nyingi mno; minada mikubwa ya sarafu za kale huwa nazo mara kwa mara, wakati mwingine kadhaa kwa siku moja. Bei yake haikusimama juu ya uadimu. Imesimama juu ya Mathayo 22, pale Yesu anapoomba aonyeshwe fedha ya kodi, wakamletea dinari. Kwamba ilikuwa ya aina hii hasa hakuna awezaye kuthibitisha, lakini haijalishi: watu ambao hawajawahi kununua sarafu nyingine ya kale maishani mwao huitafuta hii moja, na hao ndio wanaoipandisha juu ya dinari nyingine za enzi hiyo zilizo adimu kuliko yenyewe.

Hapo ndipo wageni wengi hupotea. Wanauliza "zipo ngapi?" badala ya "zinatafutwa na wangapi?" Ninayo dinari ya Kaisari Septimius Severus ambayo ina tofauti ndogo ya maandishi, na katalogi zinaihesabu kuwa adimu. Niliinunua kwa bei ya ile ya kawaida, na nikiiuza nitapata bei ya ile ya kawaida, kwa sababu tunaoijali tofauti hiyo tunaweza kukaa kwenye benchi moja na nafasi ikabaki. Kaisari Otho ni kinyume chake. Alitawala Januari hadi Aprili mwaka 69, basi, na dinari zake si kwamba hazionekani, ila kila anayetaka kukamilisha sarafu za wale Makaisari kumi na wawili wa mwanzo wa Roma lazima apite kwake, na hakuna sarafu ya shaba ya Roma yenye sura yake ya kumwokoa mwenye mfuko mwepesi. Analipa tu.

Mkichanganyikiwa kuhusu nini ni cha kawaida, tazameni orodha za hazina zilizofukuliwa. Ile ya Reka Devnia, iliyopatikana Bulgaria mwaka 1929, ilikuwa na sarafu za fedha zilizohesabiwa zaidi ya 80,000, na hadi leo wakusanyaji huitumia kulinganisha sarafu za karne mbili za kwanza na mwanzo wa ya tatu: hii zilikutwa maelfu, ile mbili.

Lakini yako ina jambo linalonikera kabla hata ya bei: uzito na lile kovu.

Dinari ya Tiberius iliyo nzima huwa gramu 3.6 hadi 3.8 hivi. Ikisuguliwa na mikono miaka mingi hupungua, na 3.31 si ajabu kwa sarafu iliyochakaa. Ila wewe unasema nywele zinaonekana uzi kwa uzi. Sura mpya kwenye mwili uliopungua! Hiyo karibu nusu gramu imekwenda wapi? Majibu yapo matatu. Moja, fedha imeliwa na chumvi za udongo, ikawa na vinyweleo na kuvunjika kirahisi. Hilo litaonekana kwenye uso na ukingo. Mbili, ni ya kumiminwa kwenye kalibu juzi. Tatu, ni dinari ya kuvishwa: ndani shaba, nje ganda la fedha, iliyotengenezwa na tapeli wa enzi zilezile za Kirumi. Kwenye katalogi utaikuta imeandikwa fourrée. Shaba ni nyepesi kuliko fedha, ndiyo maana mizani inasengenya.

Kwa hiyo mwombe muuzaji picha tatu. Ukingo, mzunguko wote. Kovu la shavuni kwa karibu, penye mwanga wa jua. Na sarafu ikiwa juu ya mizani, namba ikisomeka. Kovu la namna hiyo mara nyingi ni jaribio la mtu wa kale, mbadili fedha au mfanyabiashara aliyetaka kuona ndani kabla ya kupokea. Yaani kuna mtu alishauliza swali lako kabla yako, tazama tu alijibiwa nini. Ndani pakiwa peupe au kijivu, vizuri. Pakiwa pekundu au kijani, umepata jibu.

Ukingoni tafuta mstari wa kuungana kwa kalibu, au alama za tupa za mtu aliyejaribu kuufuta. Sarafu iliyopigwa kwa nyundo ukingo wake huwa na mipasuko midogo, kwa sababu fedha ilisukumwa nje kwa nguvu. Herufi nazo: za kupigwa zina kuta zilizosimama, za kumiminwa huwa na uso wa sabuni na vitundu vidogo vya hewa kwenye pembe za herufi.

Halafu kuna kazi moja ya bure ambayo watu hawaifanyi: tafuta pacha. Sarafu mbili halisi zaweza kupigwa kwa chapa moja, yaani muhuri mmoja wa kuchongwa, sura ikafanana kabisa. Lakini kipande cha fedha kiliwekwa kwa mkono, nyundo ikashushwa kwa mkono. Haiwezekani mbili zikatike PO ileile mahali palepale, ziwe na umbo lilelile la ukingo na kovu lilelile shavuni. Ukiiona nyingine yenye makosa yote sawa, moja ni mama aliyetengenezewa kalibu na nyingine ni mtoto, au zote mbili ni watoto.

Msidhani ughushi ni wa majuzi. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki mwaka 1830, alichonga chapa zake mwenyewe na kuzipiga kama Warumi, hazikumiminwa. Ukingo wa sarafu za Becker hautakusaidia kitu. Hapo unahitaji jicho linaloujua mkono wa mchongaji.

Bei nitaisema ukileta picha. Kuibei sarafu ambayo hatujui ni nini ni kupoteza usiku.

Fundi_Mizani

Bi Sarafu amemaliza, naongeza la vipimo. Ukiwa nayo mkononi unaweza kupima msongamano: ipime hewani, kisha ikiwa imening'inia ndani ya maji. Fedha ni gramu 10.49 kwa sentimita ya ujazo, shaba 8.96. Dinari za Tiberius ni fedha nzuri, kwa hiyo ikiwa halisi utapata kumi na ushei. Namba haidanganyi.

Bi_Sarafu

Namba haidanganyi, mizani inadanganya. Fundi, piga hesabu kwa sarafu hii hii: gramu 3.31 za fedha zitasukuma maji ya gramu 0.32. Zingekuwa shaba tupu ni 0.37. Ya kuvishwa itaangukia katikati. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01, uzi wa kuning'inizia na povu moja la hewa lililoganda kwenye sikio la Kaisari, tayari umeshavuka kutoka jibu moja hadi jingine. Kwa sestertius, ile sarafu kubwa ya Kirumi, ya gramu 25 kipimo chako ni kizuri. Kwa dinari kinahitaji mizani bora na subira kubwa. Tena ni kipimo cha baada ya kulipa.

Fundi_Mizani

Hapo kwenye povu nimekubali. Tone la sabuni ya maji husaidia, lakini sawa.

Kaskazi

Mgeni, mimi nitaongelea hiyo "mkusanyo wa zamani wa Ulaya". Maneno hayo hayana uzito wowote yakiwa peke yake. Uliza: mkusanyo wa nani, uliuzwa mnada gani, mwaka gani, namba ngapi katika katalogi? Karatasi za kweli huongeza bei na hukulinda siku ya kuuza, kwa sababu nchi nyingi zina sheria za vitu vilivyofukuliwa. Marekani, kwa mfano, ilianza mwaka 2011 kuzuia uingizaji wa aina fulani za sarafu za kale za Italia zisizo na ushahidi wa zilikotoka.

Na karatasi zenyewe zinaghushiwa. Kumbukeni ile sarafu ya dhahabu ya Brutus, mmoja wa wauaji wa Julius Caesar, ya mwaka 42 KK, yenye majambia mawili na maneno EID MAR (yaani Machi 15) kukumbuka mauaji hayo. Iliuzwa kwa mnada London Oktoba 2020 kwa zaidi ya dola milioni nne. Wapelelezi wa Manhattan wakagundua kuwa historia yake ya umiliki ilitungwa, na mwaka 2023 sarafu ikarudishwa Ugiriki. Sarafu halisi, karatasi za uongo. Kama milioni nne hazikuzuia hilo, cheti cha muuzaji wako alichojitilia saini mwenyewe kitazuia nini?

Mgeni_wa_Sarafu

Asanteni sana wote, hasa Bi Sarafu. Nimemwandikia jana, majibu yamekuja leo asubuhi.

Mizani: 3.31 kweli, namba inasomeka. Ukingo: sioni mstari wowote, kuna mipasuko miwili midogo upande wa nyuma ya kichwa. Pacha sijampata, nimepekua hadi macho yanauma. Kovu: ndani pana rangi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu. Muuzaji anasema ni uchafu wa karne nyingi tu na nisiusafishe kwa sababu "utaharibu thamani". Mnada wowote hakuutaja. Ila ameshusha hadi dola 390, mwisho leo usiku.

Bi_Sarafu

Aha.

Uchafu hukaa juu ya kovu na kwenye pembe zake. Kuza picha: wekundu umejaa sakafu yote ya kovu, au umeshika kingo tu? Angalia pia pua, ukingo wa taji na pale juu ya nyusi, sehemu zilizoinuka. Ganda la fedha hupasuka hapo kwanza. Ukiona vidoa vyeusi au vya kijani vilivyovimba kidogo, shaba ya ndani imeanza kutoka.

Mgeni_wa_Sarafu

Sakafu yote. Na kuna kidoa cha kijani kwenye goti la Livia, nilidhani ni rangi ya kale tu.

Bi_Sarafu

Basi nina hakika kwa kadiri mtu anavyoweza kuwa na hakika kwa picha: ni ya kuvishwa. Mipasuko ya ukingoni na kukosekana kwa pacha vinaniambia huenda ni ya kale kweli, ya tapeli wa Kirumi na si wa kwetu. Soma na maandishi upya herufi kwa herufi. Matapeli wale mara nyingine walikosea herufi au wakaoanisha mbele ya Kaisari mmoja na nyuma ya mwingine. Yako inaelekea kuwa sahihi, alikuwa tapeli makini.

Sasa bei. Usitazame madukani, bei ya dukani ni matumaini ya muuzaji. Tazama zilizouzwa: acsearch na CoinArchives huhifadhi matokeo ya minada. Chagua zilizochakaa kiasi cha yako, zenye maandishi yaliyokatika kama yako. Itupe ile iliyouzwa juu kabisa, mara nyingi ni watu wawili waliogombana, na ile ya chini kabisa, huenda ina ila ambayo picha haionyeshi. Zilizobaki ziweke katikati. Kisha kumbuka kuwa matokeo mengi huandikwa kabla ya ada ya mnunuzi, ambayo kwa kawaida ni kama asilimia 20 juu. Ukifanya hivyo kwa dinari nzima ya Tiberius yenye sura hiyo, utaona 480 si wizi. Ingekuwa ya fedha kweli, na PO imekatika, ningekwambia omba punguzo kisha uchukue.

Kwa ya kuvishwa, rudia utafutaji uleule na uongeze neno fourrée. Utaona inaanguka hadi sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Si takataka, wapo wanaokusanya hizi tu, na mimi mwenyewe nazipenda, maana ni ushahidi wa uhalifu uliobaki mkononi. Lakini 390 ni bei ya fedha, na hii ni shaba iliyovaa kanzu.

Cha kufanya: mwandikie kwa adabu kuwa unaona shaba kwenye kovu, na uliza kama yuko tayari kuiuza ikiwa imeandikwa hivyo, kwa bei ya hivyo, na haki ya kurudisha. Akikasirika, umejua. Akikubali, amua unataka nini. Kama unataka sarafu ya Mathayo 22, hii itakukera kila ukiitazama. Subiri, itakuja nyingine. Hiyo "mwisho leo usiku" isikutoe jasho, picha hii ya Livia ilipigwa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Chapuchapu

Kwa hiyo na kuiyeyusha ningeambulia shaba. Haya, nimejifunza kunyamaza.

Mgeni_wa_Sarafu

Nimemwandikia. Amejibu kwa sentensi moja, kwamba mimi "si mnunuzi makini", kisha tangazo limerudi kwenye 480. Namwacha.

Bi, swali la mwisho, kwa mtu anayeanza, ungenielekeza kwenye nini badala ya Tiberius? Kitu chenye hadithi lakini kisichoghushiwa kila kona.

Kaskazi

Kaisari Gordian III, mkuu. Sarafu zake zile za taji la miale ni nyingi, nyingine nzuri kabisa, na bei haiumi. Utajifunzia macho hapo.

Bi_Sarafu

Kaskazi kasema kweli, ila Gordian anachosha. Mimi ningekupeleka miaka michache mbele, kwa Kaisari Philip. Mwaka 248 alisherehekea miaka elfu moja ya mji wa Roma, na sarafu za sherehe hiyo zina wanyama walioonyeshwa kwenye michezo: simba, swala wa aina mbalimbali, na kwenye sarafu ya mkewe Otacilia Severa, kiboko. Kiboko mzima, amesimama, mdomo umefumbuka! Tafuta SAECVLARES AVGG na IIII chini ya mnyama. Si ya bei ya chini kabisa, maana kila mtu anampenda, lakini haifiki bei ya Tiberius wa fedha kwa hali ileile.

Ukiwa unachagua, usiangalie Otacilia kwanza. Angalia miguu ya kiboko. Vipande vingi vilikuwa vidogo kuliko chapa, kwa hiyo IIII na kwato hukatika, na muuzaji hupiga picha upande wa malkia ndiyo wa mbele. Miguu minne na namba kamili, lipa zaidi kidogo. Ukimpata, lete picha ya ukingo kabla ya kulipa.